Mgongo wa Baba Mkwe

Msomaji mmoja wa Bulumbi amemwandikia mhariri kuuliza yule Mchina wa Busia anapatikana siku gani, maana kiuno kinamsumbua tangu mavuno ya wimbi. Ndugu yangu wa Bulumbi, vumilia kidogo na kiuno chako, usome kwanza.

Kwa aliyechelewa kufika: mimi ni Adeke, nililelewa Mwello na bibi yangu mzaa mama, Aboth. Shule niliiacha darasa la tano. Nilijaribu kuuza ndizi soko la Busia nikashindwa, kwa sababu ndizi hutaka kuitiwa wanunuzi, na sauti yangu hufia kooni watu wakizidi watatu. Ndizi ziliiva, zikaoza, na mimi nimekaa kimya nyuma yake kama niliyewekwa kuzilinda.

Ndipo nilipookotwa na Koplo Bartholomew Ofwono, askari mzee wa Keya, lile jeshi la Mfalme, aliyenikuta kisimani Tororo nikikamua blanketi. Uso wangu hakuutazama. Alitazama mikono, akasema mikono hii imepotea njia.

Koplo aliumia mgongo vitani Burma. Katika hospitali ya jeshi huko India, mhudumu mmoja Mchina alimkanda mpaka akatembea, kisha akamfundisha kazi yenyewe. Hilo ni kweli, na nalitaja kwa sababu mambo ya kweli katika hadithi hii si mengi. Alijua kubingirisha ngumi mgongoni kama mtu anayesukuma chapati. Alijua pa kubonyeza kati ya gumba na kidole cha shahada kichwa kikiuma. Alijua kubandika glasi za moto zikafyonza maumivu.

Lakini mashine ya kukamulia miwa ilimla gumba la kulia, na mwaka uliofuata ikamla la kushoto, maana Koplo hafundishwi mara moja. Bila magumba kazi ile haifanyiki. Akanifundisha mimi.

Sasa nani angekuja kukandwa na binti wa Mwello? Kila mtu ana bibi nyumbani wa kumkanda, na bibi hana sifa. Kwa hiyo nikawa Mchina.

Koplo alichukua mlango wa zamani, akaukata tundu la uso, akauweka juu ya masanduku. Mteja analala kifudifudi, uso tunduni, hataona kitu isipokuwa sakafu na miguu ya daktari. Ndipo mimi naingia kwa mlango wa nyuma, nimevaa viatu vyeusi vya kitambaa nilivyoshona mwenyewe, soli za tairi la baiskeli, na soksi nyeupe mpaka magotini ili ngozi ya Mwello isionekane. Sheria ilikuwa moja: mteja asitamke neno mpaka Mchina amalize kuusikiliza mwili. Kazi ikiisha natoka kabla hajainuka.

Ukutani Koplo alitundika picha ya mtu mwenye mistari na nukta mwili mzima, zawadi ya yule Mchina wa India. Maandishi yake hakuna aliyeyajua, Koplo akiwa wa kwanza. Yeye aliwaeleza wateja kwamba hiyo ni reli ya mwili.

"Tororo yako ni hapa," alizoea kusema, akigusa chini ya shingo. "Treni moja nakwenda Soroti, hii bega ya kushoto. Ingine nashuka Nairobi, mpaka kwa mguu. Wewe behewa imeanguka hapa kwa kiuno, ndiyo sababu mizigo yote nakwama."

Watu waliyaelewa hayo upesi kuliko mahubiri.

Mimi kazi ile niliipenda. Hakuna anayeniona, hakuna anayeniuliza, na Mchina wangu hajui lugha yoyote. Kwa mtu mwenye haya hakuna cheo kizuri zaidi.

Na nilikuwa na jambo jingine la kupenda. Ochen, anayepima mizigo stesheni ya Tororo, alikuwa amenichumbia. Ochen si mzuri sana wa sura, nasema bila kumchongea. Lakini nikianza sentensi, ananingoja niimalize. Wengine wote duniani hunimalizia. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kufika Mwello, na harusi ilikuwa imepangiwa kanisa la Mukuju, baada ya wiki tano. Yeye na watu wake walijua kwamba nampikia askari mzee.

Basi, katika gazeti la wiki iliyopita niliishia Jumatano, siku yetu ya Busia, katika chumba cha nyuma kwa fundi baiskeli. Nilikuwa nimemkanda mzee mmoja mwenye mgongo mpana, mgumu kama ubao aliolalia. Glasi sita zilikuwa zimeshika vizuri, na ngozi ndani yake inaumuka. Hapo mzee akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Koplo," alisema kupitia tunduni, "huyu daktari wako amebatizwa?"

"Amebatizwa huko kwao," alisema Ofwono. "Maji ya China."

Sauti ile niliijua.

Niliisikia mara mbili tu maishani, zote nikiwa nimepiga magoti mbali, kichwa chini, nikitazama viatu vyake. Ilikuwa sauti ya Mzee Ojulong wa Mukuju, mzee wa kanisa, baba yake Ochen. Mara ya kwanza iliniambia nitaje jina langu mbele ya wageni. Nilipochelewa, ikasema, "Mwanangu ameniletea kabati, na mlango wake umekwama." Watu walicheka. Na mimi ningecheka, kama ningekuwa mtu mwingine.

Sasa ninyi mnaosoma mbali na kwetu, sikilizeni. Kwetu mke hamgusi baba mkwe. Hampi mkono. Haketi alipoketi, hafui shati lake. Hata kivuli chake anakizunguka. Na mimi nilikuwa nimemkanda kwa dakika ishirini, kuanzia shingoni mpaka pale mkanda wa suruali unapofungwa.

Nilirudi nyuma mpaka mgongo wangu ukagonga ukuta.

Koplo alinifuata, akauliza kwa macho nina nini. Nikamnong'oneza. Akanong'ona kwamba basi nimalize kutoa glasi, halafu nitaona aibu nikiwa nje. Nikatikisa kichwa. Akajaribu yeye.

Glasi iliyoshika haivutwi. Inataka kidole kibonyeze ngozi pembeni ili hewa iingie, na kidole chenye kazi hiyo ni gumba. Koplo aliishika ya kwanza kwa viganja viwili, kama ng'ombe anayejaribu kufungua kopo. Mzee akaguna. Akaleta kijiko. Mzee akaguna kwa nguvu zaidi na kutaja jina la Bwana. Ngozi ndani ya glasi ilikuwa imefika rangi ya biringanya.

"Kuna shida?" aliuliza mzee.

"Hapana shida," alisema Koplo. "Daktari nafikiri."

Kisha akaja kuninong'oneza sikioni, na hapo ndipo nilipojua kwamba jeshi la Mfalme lilipoteza wakili.

"Wewe ni nani saa hii? Mchina. Mchina hana mkwe Mukuju."

Nikamwambia kwamba mikono ni yangu.

"Harusi bado. Mkwe ni baada ya kanisa. Saa hii huyu ni mgongo tu."

Nilijua ni uongo. Lakini glasi zilikuwa sita, na mzee alikuwa mmoja, na angetembea nazo mpaka Mukuju kama kobe. Nikarudi nikazitoa, moja moja, puf, puf, kila moja na alama yake ya duara. Baada ya hapo nikapaswa kuituliza ngozi kwa mafuta ya kafuri, na nilipoanza hivyo mzee akaanza kuzungumza.

Wote huzungumza. Mtu akilala kifudifudi, akajua kwamba anayemkanda haelewi, hutoa mambo ambayo padri hajawahi kuyasikia. Nimekwisha kusikia wezi wa mbuzi, waume wawili wa mke mmoja, na karani aliyelia kwa sababu ya kiatu. Mchina husikiliza, hasemi.

"Wewe hunielewi," alisema Mzee Ojulong, "ndiyo maana nakwambia. Hapa shingoni nimebeba msichana. Mwanangu amemtaka, nikakataa, akasusa chakula cha mama yake wiki nzima, nikakubali. Nimekubali kwa mdomo. Hajasoma. Hasemi. Bibi yake ni yule mchawi wa Mwello mwenye mapembe."

Mikono yangu ilisimama. Nikailazimisha iendelee.

"Nimetuma mtu amchunguze. Wanasema anampikia askari fulani mzee hapa hapa kati ya Tororo na Busia. Nikipata doa, hata dogo kama mbegu ya wimbi, nitairudisha ile ndoa ilikotoka, na shingo yangu itapona yenyewe."

Koplo, aliyekuwa askari fulani mzee, alikohoa na kutazama dari.

Sasa naungama, na nimeahidi gazeti hili kwamba nitaungama yote. Kuna mahali chini ya mfupa wa bega, pana uchungu kwa kila binadamu. Mchina wa Koplo alifundisha paguswe taratibu, kwa pumzi tatu. Mimi nilipagusa kwa kiwiko. Kwa pumzi kumi na mbili. Mzee aliuma ubao wa mlango, na alama za meno yake zipo mpaka leo.

Hilo lilikuwa kosa langu la pili siku ile. La tatu ni kwamba lilimponya.

Alisimama wima. Ofwono aliniambia baadaye kwamba mzee aliinama, akainuka, akainama tena kama mtoto aliyepata mwanasesere, kisha akaondoka kwa njia ya nyuma ili watu wa Mukuju waliokuja sokoni wasimwone. Kumbe ndiyo maana alikuja Busia, ingawa Tororo iko karibu naye. Mwaka mzima alikuwa amehubiri kwamba mtu wa sala haumwi mgongo.

Yaliyotokea kanisani nilihadithiwa na Ochen, naye akicheka. Jumapili ile baba yake alipiga magoti bila kushikiliwa na mtu, akainuka bila kushikiliwa, na waumini wakapiga vigelegele. Akawaambia ni maombi. Jumapili iliyofuata watu wakaja na migongo yao awaombee, foleni mpaka nje, na mmoja akaletwa kwa mkokoteni. Hapo akawaambia ni Mchina.

Alirudi Busia Jumatano mbili zaidi. Na mimi nilimkanda mara zote mbili. Koplo alisema mtu akiloa miguu hana sababu ya kuogopa umande, na mimi nikamsikiliza, kwa sababu mtu mwenye haya huona ni rahisi kutenda baya kuliko kueleza kwa nini hatendi.

Jumatano ya mwisho, mzee akivaa shati, alimwambia Koplo kwamba anataka Mchina awe mgeni wa heshima. Aje kwanza nyumbani Mukuju siku ambayo koo zitakutana kupanga mambo ya mwisho, halafu aje harusini, akae meza ya mbele pamoja na mchungaji.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilingoja Koplo akatae.

"Atakuja," alisema Koplo. "Anapenda nyama."

Msomaji, fikiria. Bibi harusi mmoja, mgeni wa heshima mmoja, na wote wawili wana jozi moja ya miguu.

Nikapanda kwenda Mwello kwa bibi Aboth. Nilimkuta akianika mtama. Nikamwambia yote, kwa kuwa yeye ni mmoja, na mmoja bado naweza. Aliponisikia hakukemea. Kwanza aliuliza, "Mgongo wake ukoje?"

Nikasema mgumu, na mafundo mawili chini ya shingo.

Alicheka mpaka akashikilia mti wa kibanda. Miaka mitatu nyuma Mzee Ojulong alikuja kuhubiri Mwello, akawaamuru wanawake walete pembe zao za kuumikia, zile wanazobandika mgongoni na kufyonza damu mbaya. Akazichoma uwanjani. Za bibi zilikuwa nne. Tangu siku ile bibi yangu hakushiriki meza ya Bwana, maana mzee alisema kwanza atubu.

"Na hizo glasi zenu," aliuliza, "zina tofauti gani na pembe zangu?"

"Glasi unaona ndani, bibi."

"Basi amelipa nauli mpaka Busia ili aone ndani."

Kisha kicheko kikaisha, akaketi chini. Aliniambia kwamba aliyemgusa mkwe wake hawezi kuolewa hivi hivi. Mtoto wa kwanza atazaliwa na mikono isiyoshika kitu. Yeye mwenyewe alimjua mmoja, mtoto wa jirani, aliyelishwa kwa kijiko mpaka akaoa, na alioa mke mvumilivu. Dawa ipo: kondoo achinjwe mbele ya koo zote mbili, kabla ya harusi. Lakini kondoo peke yake ni mchuzi tu. Lazima yule aliyegusa aseme.

"Wewe utanisemea," nikamwambia.

"Siwezi. Koplo hawezi. Ochen hawezi. Kinywa kinachosema ni cha mwenye mikono iliyogusa."

Nikauliza koo zote mbili ni watu wangapi.

"Hamsini," alisema bibi. "Sitini, wakisikia kuna nyama."

Sikulala vizuri tena baada ya hapo. Mara mbili nilimfuata Ochen stesheni nimwambie yeye kwanza. Mara ya kwanza nilifika kwenye "baba yako", akangoja, treni ya Soroti ikaingia. Mara ya pili nilifika kwenye "mgongo wa", akangoja, nikamuuliza kama mizigo ilikuwa mizito siku ile. Akasema ilikuwa mizito.

Siku ya mkutano ikafika, Jumamosi, wiki moja kabla ya harusi. Shangazi yake Ochen, Syprose, dada wa Mzee Ojulong, alikuwa ametuma neno kwamba bibi harusi asije miguu mitupu kama aliyetoka kupalilia. Mimi viatu nilikuwa navyo jozi moja tu duniani. Nikavivaa pamoja na soksi zake nyeupe, na gomesi ya kuazima, lile vazi refu la sherehe, ikavifunika mpaka chini.

Tulifika Mukuju saa nane mchana, watu wa Mwello ishirini na kitu, bibi Aboth mbele akivuta kondoo. Uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, chungu cha pombe ya wimbi nyuma ya nyumba, mahali ambapo mzee wa kanisa hakioni. Koplo Ofwono alikuwa amekaa katikati ya wazee wakubwa, amevaa medali zake, na kiti kitupu kando yake. Kiti cha Mchina.

Nilipiga magoti mbali na kuinamisha kichwa. Viatu vya Mzee Ojulong vilipita mbele yangu, vinang'aa.

"Kondoo huyu wa nini?" aliuliza mzee.

Bibi Aboth alisema kuna maneno yanayotaka kondoo, na mwenye maneno yupo hapa. Kisha akanigusa begani.

Nikafungua mdomo. Nawaambia ukweli, niliufungua. Niliona nyuso sitini, kila uso na macho yake mawili, na mdomo wangu ukabaki wazi kama wa samaki kapuni. Mtu mmoja nyuma alitaja lile kabati, na watu wa Mukuju wakacheka.

Mzee Ojulong akaona nafasi yake. Alirudi kitini, akaanza kusema kwamba nyumba hii haipokei mambo ya kishenzi ya Mwello, kwamba alikwisha kuyachoma mara moja na anaweza kuyachoma tena. Na ili aseme vizuri zaidi, akasimama. Akasimama upesi, kwa hasira, mkono juu, akamgeukia bibi kwa kiuno tu huku miguu ikibaki ilipokuwa.

Tulisikia wote. Ulikuwa mlio mdogo, kama wa kijiti kikivunjika.

Alishuka polepole mpaka chini, akasimama kwa mikono na magoti juu ya mkeka, na hapo akakwama. Hakuweza kupanda wala kushuka. Uso wake ulitazama mkeka. Alikuwa kama ng'ombe anayengoja kukamuliwa. Wanawe wawili walimshika ili wamwinue, akatoa sauti ambayo iliwafanya wamwachie kama chungu cha moto.

"Mchina," alisema. "Koplo, niitie Mchina."

Koplo alieleza kwa huzuni kubwa kwamba Mchina ameitwa ghafla kwao China, mama yake mgonjwa.

"Asubuhi uliniambia yuko njiani anakuja kula."

"Amegeuka njiani," alisema Koplo, na jasho likamtoka mpaka kwenye medali. Kisha akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu mno, na Syprose, ambaye hakosi kitu, akafuata macho yake.

Mzee aliguna tena. Si mguno wa ubishi, ulikuwa wa maumivu, na mimi migongo naijua. Nilijua fundo lipi limefunga. Nilijua kwamba likiachwa hivyo mpaka jioni, hatanyooka mwaka mzima. Nilijua pia kwamba yeye ndiye anayenitafutia doa, na kwamba doa liko hapa, limevaa gomesi.

Miguu yangu iliamua kabla yangu. Nikainuka, nikauvuka uwanja, nikasimama ukingoni mwa mkeka. Sikumgusa. Nilisimama tu, nikishika gomesi juu kidogo ili nisiikanyage, kwa sababu si yangu.

Mzee Ojulong, kichwa chini, aliona viatu vyeusi vya kitambaa na soksi nyeupe.

"Daktari," alisema, na sauti yake ikavunjika kwa shukrani. "Umefika."

Nyuso sitini zilitazama viatu vyangu, kisha zikapanda taratibu, gomesi, mkanda, kifua, mpaka zikanifikia mimi.

"Daktari gani, kaka?" aliuliza Syprose. "Huyu ni mke wa Ochen."

Bibi Aboth alisema kwa sauti ndogo, "Sema, mwanangu. Sasa hakuna atakayekukatiza."

Nami nikaona kwamba ni kweli. Mzee hakuweza kuinuka akaondoka. Hakuweza kunyoosha mkono kuninyamazisha. Hata shingo hakuweza kuigeuza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ilimbidi anisikilize mpaka mwisho.

"Mimi ni Adeke," nikasema. "Hakuna Mchina. Baba, aliyekukanda ni mimi, Jumatano tatu."

Baada ya hapo nilisema mengi, na sauti ilitetemeka lakini haikufa. Nilisema glasi, kijiko, kiwiko. Nilisema kwamba mikono yangu ilitoka kwa bibi aliyechomewa pembe, na ujuzi ukatoka kwa Mchina wa kweli kupitia kwa Koplo. Kuhusu aliyoyasema akiwa amelala tunduni sikusema neno, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yetu. Lakini yeye alijua kwamba najua. Nyuma ya masikio yake palibadilika rangi.

Nilipomaliza, wazee walianza kupandisha sauti. Mmoja alitaka kondoo achinjwe upesi, mwingine alitaka Koplo achinjwe kwanza. Syprose aliwanyamazisha wote. Alisema mila iko wazi: kondoo ataosha yaliyopita, lakini kuanzia sasa huyu ni mkwe anayejulikana, na hawezi kumgusa mzee tena mpaka kaburini. Kaka yake atafutiwe mtu mwingine.

"Nani mwingine?" aliuliza mzee kutoka chini.

Koplo alitazama mahali palipokuwa magumba yake.

Mzee Ojulong alipumua mara kadhaa. Nilidhani anaomba. Kumbe anapiga hesabu, na nilipoyasikia maneno yake nilielewa kwamba Koplo si wakili peke yake katika wilaya hii.

"Anakuwa mkwe wangu kwa sababu ya harusi," alisema, polepole, akiuambia mkeka. "Harusi ikifutwa, si mkwe wangu. Ni mtu baki. Kweli au si kweli?"

Wazee walitazamana. Ilikuwa kweli.

"Basi, binti. Nikitamka sasa, mbele ya koo zote mbili, kwamba harusi hakuna, utanikanda?"

Mikono yangu ilikuwa imekwisha kukunjuka yenyewe, vidole vyote kumi, kama vinavyofanya kila mgongo unapokuwa mbele yake. Niliirudisha ndani ya mikunjo ya gomesi, lakini watu walikuwa wameiona.

Nikamtafuta Ochen. Alikuwa amesimama kando ya kile kiti kitupu. Hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi, akangoja, kama anavyongoja siku zote nimalize sentensi yangu, na safari hii sikuwa nimeianza.